Uhuru wa Mlimani Haukuwa wa Kila Mtu

Mjadala wowote kuhusu uhuru wa kusema vyuoni ukianza hapa Tanzania, haupiti muda kabla mtu hajaitaja Mlimani ya zamani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Atakumbusha enzi za mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana, kumbi zikifurika, wanafunzi wakibishana habari za ubeberu hadi usiku wa manane, Mwalimu Nyerere mwenyewe akipanda kilima kuja kujibu maswali. Kisha atageukia wakati wetu na kusikitika: vijana wa leo hawana itikadi, hawasomi, wanachojua ni kulalamika bumu, ile posho ya mkopo, likichelewa. Nimelisikia simulizi hili mara nyingi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na lina ukweli mwingi. Lakini limewaacha nje watu 393, na bila wao hatuwezi kuelewa kilichotufikisha hapa tulipo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Pamoja nao walikuwapo wenzao wa vyuo vingine vya jijini. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima kwa karibu miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 iliyobaki wakifanya kazi waliyosomea huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wao walikataa. Walimsomea Rais tamko lililosema kwamba hata wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini nyoyo zao hazitakuwamo. Bango moja lilisema ukoloni ulikuwa afadhali.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Alisema mishahara ya wasomi na viongozi, wake ukiwamo, ni mikubwa mno kwa nchi ya wakulima maskini. Papo hapo akatangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20. Halafu akaamuru waandamanaji wote warudishwe makwao. Hao ndio wale 393. Wengi wao walikubaliwa kurudi mwaka uliofuata, baada ya kuomba radhi.

Niseme wazi ninaposimama. Kwa hoja yenyewe, wanafunzi wale walikosea, na walikosea vibaya. Nchi ilikuwa na wahitimu wachache mno, na waliolipia masomo yao ni wakulima wa pamba na mkonge ambao watoto wao wenyewe hawakufika hata darasa la nne. Kusimama mbele ya watu hao, miaka mitano tu baada ya uhuru, na kusema ukoloni ulikuwa afadhali, ni jambo la aibu. Mwalimu alikuwa na haki ya kukasirika, na uamuzi wake wa kuanza na mshahara wake mwenyewe ni wa kiongozi ambaye tunamkosa hadi leo.

Lakini tuangalie walichofanya. Hawakuchoma gari wala kumpiga mtu. Walitembea, wakafika, wakasoma karatasi. Adhabu yao haikupitia kamati yoyote ya nidhamu ya chuo. Hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja alisema nini na kwa nini. Walimu wao hawakushirikishwa, na Seneti haikukaa. Mkuu wa nchi alisikia maneno yasiyompendeza, na kabla ya siku kwisha walioyasema walikuwa wameshapoteza vyumba vyao vya bwenini. Hapo ndipo msingi ulipowekwa, na kila kilichofuata kilijengwa juu yake.

Kinachoniuma zaidi si hasira ya Rais. Ni ukimya wa waliobaki. Vuguvugu la mrengo wa kushoto lililochipuka Mlimani mwaka uliofuata, lile tunalolisifu kila tukikaa, halikuwahi kuwatetea wale 393. Liliwatazama kama ushahidi kwamba chuo kinazalisha vibwanyenye. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika chuoni mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa, na baadhi ya wahadhiri wenye msimamo mkali walitoa mapendekezo ya kuubadilisha mfumo mzima. Kutoka katika mjadala huo likazaliwa somo la lazima kwa wote, lile ambalo baadaye tulilijua kama Taaluma za Maendeleo. Sina ugomvi na somo hilo. Daktari na mhandisi wanapaswa kujua kwa nini mkulima wa Rufiji ni maskini. Ugomvi wangu ni na dhana iliyokaa chini ya mjadala ule: kwamba itikadi sahihi imekwishajulikana, na kilichobaki ni kutafuta njia ya kuipandikiza.

Mwishoni mwa 1967 kikaundwa chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichofahamika kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walikuwamo Watanzania, Wakenya, Wamalawi, Waethiopia na wengineo. Walisoma kwa bidii ambayo nadhani haijaonekana tena pale. Walikuwa na darasa lao la Jumapili, nje ya ratiba, wakisoma uchumi wa kisiasa bila mtu kuwapa alama. Walikuwa karibu na wapigania uhuru waliokuwa na ofisi zao jijini, hasa FRELIMO ya Msumbiji. Sitaki msomaji adhani nawadharau. Kama ningekuwapo, huenda ningekuwa miongoni mwao.

Ila wao nao walikuwa na siku yao. Kulikuwa na desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, ambapo mara moja kwa mwaka wanafunzi walivaa matambara na kuzunguka mjini kwa magari wakichangisha fedha za hisani. USARF waliiona desturi hiyo ni kejeli kwa maskini: msomi anavaa matambara kwa mzaha katika nchi ambayo wengi huyavaa kwa kukosa. Hoja yao ilikuwa nzito, na ingetosha kushinda kwenye mdahalo. Novemba 1968 hawakungoja mdahalo. Waliamka mapema, wakatoa upepo kwenye magurudumu ya magari na kuuzuia msafara usitoke. Desturi ile haikufufuka tena.

Katika kumbukumbu za kipindi kile tukio hili husimuliwa kama ushindi mdogo wa kufurahisha. Mimi naliona ni dalili. Wanafunzi waliokuwa na hoja bora kuliko wote chuoni waliamua kwamba anayekosea kiitikadi hana haki ya kuendelea na kosa lake. Miaka miwili baadaye mwenye nguvu kuliko wao alifikia uamuzi huohuo, na safari hii waliokosea walikuwa wao.

Novemba 1969 USARF, kwa kushirikiana na tawi la chuoni la Umoja wa Vijana wa TANU, walianza kutoa jarida walilolipa jina Cheche. Lilichapwa kwa mashine ya kudurufu, karatasi zikabanwa kwa pini, likauzwa kwa bei ya kutupa. Makala zake zilifanya jambo ambalo magazeti ya chama hayakuthubutu: ziliuchukulia ujamaa wa Tanzania kwa uzito na kuuliza kama kweli upo. Nani anamiliki mashirika yaliyotaifishwa? Meneja aliyechukua kiti cha mzungu anamfanyia kazi nani? Maswali hayo hayakutoka kwa maadui wa Azimio la Arusha. Yalitoka kwa waliolisoma hadi nukta ya mwisho na kuliamini.

Novemba 1970, baada ya mwaka mmoja tu, Cheche ikapigwa marufuku na USARF ikafutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe na haihitaji itikadi ya kigeni, na kwamba jina la jarida lenyewe, lililofanana na la gazeti la Lenin, linaweza kuwafanya watu wadhani tunajenga ujamaa wa Kirusi. Umoja wa Vijana wa TANU, wakaambiwa, unatosha. Wahariri walitii, na tawi la Umoja huo likaanzisha jarida jingine, Maji Maji, ambalo kwa miaka kadhaa lilibeba makala nzuri. Lakini kila mtu chuoni alikuwa ameshajua mpaka uko wapi.

Nani angewatetea USARF siku ile? Si wale waliotolewa upepo kwenye magurudumu. Si wale 393 na marafiki zao, waliokuwa wameitwa vibwanyenye miaka minne mfululizo. Kanuni ya kuwatetea haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameisimamia pale ilipomhusu mtu mwingine. Kilichokuwapo ni ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ndiye mwenye kuinyang'anya.

Haki imtendekee Mwalimu pia. Desemba 1969 makala ya Rodney iliyoshambulia serikali za Afrika huru ilichapishwa katika gazeti la chama, The Nationalist, na gazeti hilohilo likamjibu kwa tahariri kali ambayo wengi wanaamini iliandikwa na Nyerere mwenyewe. Rodney hakufukuzwa nchini. Aliendelea kufundisha hadi 1974. Ni marais wangapi wa Afrika ya wakati ule wangejibu makala kwa makala? Ndiyo maana Mlimani inastahili sehemu ya sifa zake. Ila hata hapo, uhuru wa Rodney ulitegemea uvumilivu wa mtu mmoja mwenye akili kubwa, na mtu mmoja, awe na hekima kiasi gani, huamka vibaya siku nyingine.

Ilikuwa hivyo Julai 1971. Mwaka uliotangulia chuo kilikuwa kimepata hadhi kamili, Rais akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akateuliwa Pius Msekwa, ambaye hadi wakati huo alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Rais wa wanafunzi, Mkenya aliyeitwa Symonds Akivaga, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kulalamikia jinsi chuo kinavyoendeshwa kwa amri. Kikosi cha Kutuliza Ghasia kikaingia chuoni na silaha, kikamchukua, akarudishwa Kenya. Wanafunzi waligoma, na wahadhiri wengi wakasimama nao. Katika habari hii yote hilo ndilo jambo la kutia moyo kuliko mengine: kwa mara ya kwanza watu wa mirengo tofauti walimtetea mtu si kwa sababu ya itikadi yake, bali kwa sababu aliandika barua.

Baada ya hapo mlango wenyewe ukabadilishwa kitasa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliondoa utaratibu wa kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mwombaji alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Lengo lililotangazwa lilikuwa jema, kuwaleta chuoni watu wanaoijua kazi. Tokeo lake ni kwamba ofisi ya chama ilipata sauti juu ya nani anafaa kufikiri katika ngazi ya chuo kikuu. Hata hivyo haikusaidia. Machi 1978 wanafunzi waliingia barabarani kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: mwaka 1966 wanafunzi walitetea maslahi yao, mwaka 1978 walitetea Azimio la Arusha dhidi ya viongozi wake. Jibu likawa lilelile. Takriban 350 wakafukuzwa, na kati yao alikuwamo mtoto wa Rais. DUSO, jumuiya yao, ikavunjwa na mahali pake ikawekwa MUWATA, iliyofungamanishwa na jumuiya ya vijana ya chama.

Kwa hiyo ukisema maneno ya ubinafsi, unafukuzwa. Ukisema maneno ya ujamaa, unafukuzwa. Maudhui hayakuwa na uzito wowote, na hili ndilo wanaoililia Mlimani ya zamani hawajalitafakari vya kutosha. Itikadi haikuwa ngao. Mwenye itikadi inayofanana na ya serikali alilindwa hadi siku alipoisoma itikadi hiyo kwa umakini kuliko serikali yenyewe.

Kuna sura moja ya habari hii ambayo wanaume tuliopita pale hatupendi kuigusa. Sauti zote zilipofungwa, ukuta ndio uliosema. Mzee Punch, mwandishi asiyejulikana, alibandika michoro na maneno ya kuwaumbua wakubwa, na kwa muda ilikuwa namna pekee ya kumcheka mkubwa bila kulala polisi. Kisha michoro ikawageukia wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mwanamume fulani alichorwa, akatukanwa kwa jina, chuo kizima kikaambiwa asisemeshwe. Wengine waliacha kwenda kula, waliacha kwenda maktaba. Februari 1990 mwanafunzi mmoja alijiua baada ya miezi ya kusumbuliwa namna hiyo, na ndipo Punch ikapigwa marufuku.

Wapo wanaotumia kisa hiki kusema: mnaona, uhuru ukizidi huua. Sikubaliani nao, ila sitaki kulikwepa swali lao. Punch ilipokuwa ikimchora waziri, ilikuwa inamsemesha mtu mwenye uwezo wa kujibu na mwenye gazeti, redio na polisi. Ilipomchora msichana wa mwaka wa kwanza na kuamuru atengwe, ilikuwa inamtoa mtu mwingine kwenye chuo. Kutishia na kumwinda mtu hadi ashindwe kuingia darasani ni kitendo, na kinaweza kukatazwa bila kugusa maoni ya yeyote. Lililokosekana miaka yote ile ni uongozi uliowasikiliza wanawake walipolalamika. Uongozi uleule uliowahi kusikia barua ya wazi ndani ya siku chache na kuita askari, ulishindwa kusikia kilio cha wanafunzi wa kike miaka nenda miaka rudi. Hata masikio ya chuo yalikuwa na itikadi yao.

Mwaka huohuo, Aprili 1990, wahadhiri wa vyuo vya Tanzania walikutana na kupitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Jumuiya ya wanataaluma wa Mlimani, UDASA, ilikuwa mbele, na Issa Shivji, ambaye makala yake ndiyo iliyokuwa toleo zima la Cheche kabla haijafungwa, alikuwa miongoni mwa vinara. Novemba mwaka huo wasomi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika wakapitisha Azimio la Kampala lenye mwelekeo uleule. Mwezi mmoja tu baada ya azimio la Dar es Salaam serikali ilikifunga chuo kwa sababu ya mgomo, kikakaa kimefungwa hadi Januari 1991.

Naliona Azimio la Dar es Salaam kuwa moja ya maandiko bora yaliyowahi kutoka katika nchi hii, na inasikitisha kwamba linasomwa na wachache. Ubora wake uko katika jambo moja: halimuulizi mtu itikadi yake kabla ya kumpa haki. Walioliandika wengi walikuwa bado watu wa mrengo wa kushoto. Lakini walikuwa wameishi miaka 20 ya kuona kilichowapata, na waliandika haki ya kufundisha, kutafiti na kusema kama haki ya mwanataaluma yeyote, pamoja na wajibu wake kwa jamii. Hawakusema haki ya wanamaendeleo, wala haki ya wazalendo.

Majirani zetu walijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Uganda, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Idi Amin mwaka 1972 na hakuonekana tena. Kenya, mwaka 1982, serikali ya Moi iliwakamata wahadhiri kadhaa ikiwatuhumu kueneza Umaksi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na akafia gerezani. Miongoni mwa wahadhiri waliowekwa kizuizini alikuwamo Willy Mutunga, aliyesomea sheria hapahapa Mlimani. Mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya.

Na yule mwenyekiti wa USARF? Museveni ameitawala Uganda tangu 1986. Chini ya utawala wake Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti Makerere, alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miezi 18 kwa sababu ya shairi la kumkashifu Rais, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu hiyo Februari 2020. Lugha ya shairi lile ni chafu, mimi nisingeliandika. Lakini mtu ambaye chama alichokiongoza akiwa kijana kilifutwa anapofikia kumfunga mshairi akiwa mzee, basi alichojifunza Mlimani ni namna ya kupigania sauti yake. Namna ya kuiachia sauti ya mwingine hakuna aliyemfundisha, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa hakijaijua.

Sasa tuje kwetu leo. Hakuna tena itikadi rasmi ya kumpima mwanafunzi. Vyama vingi vilirudi 1992, DARUSO ikachukua nafasi ya MUWATA, na CCM na CHADEMA wote wana jumuiya zao za wanavyuo. Kwenye karatasi tuko mbali sana na 1978. Kilichobaki bila kubadilika ni mkono unaoshika kitanda, ada na cheti. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, mtoto wa maskini huishi kwa fedha ambazo jina lake likiguswa zinaweza kukwama. Huhitaji kumtisha. Anajua mwenyewe kwamba akisimamishwa masomo kwa mwaka mmoja, mama yake aliyeuza ng'ombe kumsafirisha hataweza kuuza mwingine. Wanaosema vijana wa leo ni waoga wahesabu kwanza gharama anayolipa kijana akisema, kisha walinganishe na ile waliyolipa wao.

Machi 2018 Abdul Nondo, mwanafunzi wa Mlimani aliyekuwa akiongoza mtandao wa wanafunzi, TSNP, alitoweka Dar es Salaam na kuonekana Mafinga. Badala ya kusaidiwa kuwapata waliomteka, alishtakiwa kwa kutoa taarifa za uongo kwamba alitekwa, na chuo kikamsimamisha masomo wakati kesi ikiendelea. Novemba mahakama ya Iringa ilimwachia huru. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi ya Mikopo saa 72 kushughulikia fedha za wenzao, na uongozi wa chuo ukawasimamisha. Naomba tupime uzito wa hilo la mwisho. Hawakutaka kupindua chochote. Waliitaka ofisi ya umma itimize kazi yake, na wakataja muda.

Wahadhiri nao wana ya kwao. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali bila kibali. Mtafiti aliyepita vijijini na dodoso lake akapata jibu tofauti na la wizara angeweza kujikuta mahakamani. Vifungu hivyo viliondolewa Juni 2019, baada ya kelele nyingi, hasa za nje. Kelele za ndani ya vyuo zilikuwa ndogo kuliko zilivyopaswa kuwa, nami nadhani najua sababu. Walioguswa kwanza walikuwa watu wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na maprofesa wengi waliona hiyo si vita yao.

Ni ugonjwa uleule wa 1966, na siku hizi unawaambukiza hata wapinzani wa serikali. Nimehudhuria midahalo ambako kijana wa CCM akishika kipaza sauti huzomewa kabla hajamaliza sentensi, kwa kudhaniwa kwamba amekuja kutafuta ukuu wa wilaya. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia anaiamini sera anayoitetea, na wanaomzomea hawajawahi kulazimika kuijibu kwa hoja. Chuo ambacho kada wa chama tawala anazungumza kwa sababu analindwa na wakubwa, na mpinzani anazungumza kwa sababu ukumbi umejaa wenzake, hakina mjadala. Kina zamu za kupiga makofi.

Ninachodai hakihitaji falsafa kubwa. Makamu Mkuu wa Chuo cha umma bado anateuliwa na Rais wa nchi, kama alivyoteuliwa Msekwa. Jina lake litokane na mchakato wa wazi wa Seneti na Baraza la Chuo, ili siku askari watakapotaka kuingia bwenini wamkute mtu ambaye hadaiwi na aliyewatuma. Mwanafunzi anayetuhumiwa kwa alichosema au kuandika asikilizwe na kamati yenye wanafunzi wenzake ndani, apate pa kukata rufaa, na mkopo wake usiguswe hata shilingi hadi rufaa iishe. Malalamiko ya kunyanyaswa kijinsia yawe na ofisi yake, mbali kabisa na kamati zinazoshughulikia maandamano na siasa, ili yasitumike kuwanyamazisha wakosoaji na wala yasisubiri zamu nyuma yao. Kumbi zitolewe kwa masharti yaleyale kwa tawi la chama tawala, tawi la upinzani, kundi la wahubiri, wapenda soko huria na wajamaa wachache waliobaki, wakiwamo wale ambao mimi na wewe tusingependa kuwasikia. Na pale ukumbi unaponyimwa, sababu iandikwe, iwe na jina na sahihi ya aliyeitoa, ibandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi anaweza kuisoma na kuipinga.